Masalu Wawili wa Redio Mawe Matatu

Wilhelmina Mhoja alipunguzwa kazi mwaka 1994, yeye pamoja na mashine yake ya teleksi, ile ya kupeleka maandishi kwa waya wa simu. Alikuwa ameipiga mashine hiyo kwa miaka kumi na minne katika ofisi ya wanunuzi wa pamba mjini Mwanza. Siku ya kuondoka alikabidhiwa barua ya shukrani yenye makosa manne ya chapa. Aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, akairudisha.

Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Aliyeuza mitumba alifungua baa, mwenye baa akafungua shule, na Alhaji Yunus, aliyeneemeka kwa mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki vinavyouzwa ng'ambo, akafungua redio. Aliiita Redio Mawe Matatu, ingawa ukichungulia dirishani mawe hayahesabiki. Wilhelmina alikwenda pale kuomba kazi ya kuchapa barua. Alhaji akamwonyesha kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni.

"Hizi unaziweza?"

"Naziweza," alisema Wilhelmina, ambaye hakuwa amewahi kugusa hata moja.

Alijifunza kwa kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za mwanzo. Humo alikutana na lugha iitwayo Perl: unaiandikia kompyuta amri, mstari kwa mstari, nayo inazitekeleza papo hapo bila kulalamika. Baada ya mume na wakubwa wa ofisi ya pamba, aliona hilo ni jambo la kushukuru.

Kazi kubwa ya redio ilikuwa salamu. Msikilizaji alituma kadi yenye majina ya watu anaotaka wasalimiwe, kisha siku yoyote akapiga simu kutoka dukani, akataja jina lake, na mtangazaji Bashiru akamsomea salamu zake hewani. Kadi zilikuwa elfu nne, ndani ya maboksi ya sabuni. Wilhelmina alizichapa zote kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba programu aliyoiandika kwa Perl ilisoma faili zima kwenye diski, kuanzia mstari wa kwanza, kila alipoulizwa jina moja. Ukimtafuta mtu wa herufi M, Bashiru alikuwa na muda wa kunywa chai na kuosha kikombe.

Mwaka 1998 Alhaji akamleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye tai, jina lake Alexander. Alikuja na programu kwenye disketi tatu. Hii haikusoma diski kila mara. Ilishika kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukiitajia jina, inakupa kilichowekwa chini ya jina hilo kabla hujapepesa macho. Kasoro yake moja: umeme ukikatika inasahau yote, kama mume anayeulizwa jana alikuwa wapi. Alexander aliiweka kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, akavuta waya mpaka ile ya studio.

"Kuiunganisha na programu yako ni kazi ya dakika tano, mama," alisema, akapanda ndege ya alasiri.

Dakika tano zikawa siku tisa. Programu ya Wilhelmina ilibisha hodi, ikafunguliwa, ikatuma maneno "LETE MASALU". Kisha kimya. Hakuna kosa, hakuna jibu. Alibadilisha waya, akaandika upya amri zote, akaazima feni kwa kudhani mashine imepata joto. Bashiru alipendekeza dua. Alhaji alipendekeza Alexander arudi, jambo lililomwudhi Wilhelmina kuliko yote.

Siku ya tisa, akiwa anamenya chungwa, alikumbuka teleksi. Opereta wa upande wa pili hajui kwamba umemaliza mpaka ubonyeze alama ya mwisho wa mstari. Programu ya Alexander ilikuwa inamngoja amalize sentensi, naye alikuwa anaingoja imjibu. Wote wawili wana adabu, wote wawili wajinga. Akaongeza alama ya mwisho wa mstari. Salamu za Masalu zilitokea kabla hajainua kidole. Alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaingia na rungu.

Mafanikio yakampa kiburi. Aliona kwamba majina mengi hayapatikani kwa sababu ya ndimi za kwetu: mtu anaandika Masalu kwenye kadi, mwingine anaandika Masaru, na kwenye simu wote wanasikika sawa. Akaandika mstari mmoja wa Perl unaogeuza kila R kuwa L kabla jina halijahifadhiwa wala kutafutwa. Akazipakia kadi zote upya, akajipongeza kwa soda, akaenda nyumbani Pasiansi.

Ilivyokuwa ni kwamba Masaru, kwa R, alikuwa katekista wa Buswelu, mzee wa miaka sitini, aliyekuwa akiwasalimu wanakwaya na paroko. Masalu, kwa L, alikuwa kijana wa Pasiansi, fundi wa injini za mitumbwi, asiye na paroko wa kumsalimu. Mstari ule ukawafanya jina moja. Na programu inayoshika kitu kimoja kwa kila jina haiulizi maswali: cha pili kikiingia, cha kwanza kinatupwa.

Jumanne mchana katekista akapiga simu. Bashiru akachapa jina, akasoma bila kufikiri, kwa sauti yake ya asali:

"Masalu anamsalimu Precious wa Kirumba, anamwambia ule upande wa khanga aliousahau bado upo chini ya mto, na harufu yake haijaisha!"

Kwenye simu sauti ya mzee ikasema, "Yesu wangu," na simu ikakatwa.

Kesho yake asubuhi mke wa katekista, mama Paskazia, aliingia redioni. Hakuwa na mwiko wala mchi; alikuwa amevaa sare ya kwaya, na hiyo ilitisha zaidi. Bashiru alikimbilia chooni, akafunga mlango kwa ndani. Alhaji alimsukumia mbele Wilhelmina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Precious ni nani?"

"Mama, kosa ni langu. Si la mzee." Wilhelmina akamweleza habari ya R na L.

"Miaka thelathini na mbili naishi na mwanamume," alisema Paskazia, "leo nije kuambiwa aliyemkosesha ni herufi?"

Wilhelmina akamketisha mbele ya kompyuta. Akachapa jina Paskazia na salamu kwa dada zake. Akachapa tena Paskazia, safari hii na salamu kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaomba jina. Akatokea mwenyekiti peke yake.

"Dada zangu wako wapi?"

"Wametupwa, mama."

Paskazia akakitazama kioo, akaanza kucheka, cheko la kutikisa mabega, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Mwanangu, wewe si Msukuma? Kijijini kwetu akina Masalu ni kumi na moja. Ndiyo maana tunasema Masalu ng'wana Ngosha, Masalu ng'wana Ndalahwa. Mtu na baba yake na anakotoka. Hiyo mashine yako imezaliwa wapi isijue hilo?"

Wilhelmina alihisi aibu iliyompanda mpaka masikioni, maana alikuwa amejisifia ujanja wa mstari mmoja na kumsahau mtu mwenyewe. Kwa wiki mbili alizichapa upya kadi zote: jina, la baba, na kata, kama yalivyokuwa kwenye kadi zenyewe. Kila baada ya robo saa programu yake ikawa inanakili yote kwenye diski, ili umeme ukikatika wasipotee watu. Msamaha wa hewani aliusoma mwenyewe, maana Bashiru alianza kucheka kwenye neno "khanga".

Mwezi Machi uliofuata Alexander alirudi, na tai nyingine. Aliujaribu mtambo, akasoma amri za Wilhelmina, akaacha kutafuna bigijii.

"Nani kawafanyia hii?"

"Mimi."

"Naomba nakala, mama. Kuna wateja Dar wananisumbua na jambo hilihili."

Wilhelmina akamtolea disketi. Halafu akachukua mkoba wake, kwa sababu saa tisa ilikuwa imefika na sato wa kukaanga pale nje ya geti huwa wanawahiwa.