Mududu wa Pili wa Gustave

Débora alikuwa mwanamuke wa kulima mihogo huko Mantapala, kambi ya wakimbizi Wakongomani, mwenye maneno machache na macho makali. Bwana yake Gustave alipougua kifua kikuu mara ya kwanza, yeye ndiye aliyemusimamia kwa dawa. Karibu kila asubuhi alimungojea ameze, kisha akamufungulisha mudomo na kuangalia hata chini ya ulimi. Gustave alipona, akarudia kazi yake ya kununua samaki Kilwa, kisiwa cha ziwani, na kuwauzisha kambini.

Halafu kikohozi kikarudi. Hospitalini Nchelenge wakasema ni kifua kikuu tena, na majirani wakasema basi alikuwa anatupa vidonge. Débora naye akakumbuka zile asubuhi alizotangulia shambani na kumuachia bwana dawa mukononi. Alichukua jembe akafukua nyuma ya choo, akitafuta vidonge. Hakukuta kitu, na roho yake haikutulia. Alimuambia Gustave kwamba kwa kikohozi chake atamuambukiza na kumuua mutoto wao Chouchou. Gustave alikana kwamba alitupa dawa, akachoka kukana, akanyamaza. Kwa Débora, kule kunyamaza kulikuwa kama kukubali.

Siku moja waliitwa na Chalwe, muganga wa kike wa hospitali ya Nchelenge, aliyejifunza Kiswahili utotoni, akiuza samaki na mama yake kwa Wakongomani. Chalwe aliwaeleza kwamba kila mududu wa ugonjwa ana alama yake ndani, kama vile mutu na alama ya kidole chake. Labo, nyumba ya kupimia magonjwa, ilikuwa imemutunza mududu wa zamani wa Gustave, ikamulinganisha na huyu wa sasa. Hawakufanana. Wakatafuta kwenye ghala la alama hizo, lililo kwenye intaneti, ambamo wataalamu wa inchi nyingi wanaziweka. Huyu mupya alifanana na wale waliopatikana kwa wavuvi wa ziwa hili.

"Yule wa kwanza alikufa," Chalwe alisema. "Bwana yako alimeza dawa yote. Huyu amemupata kwa mutu mwingine."

Débora hakufurahi. Tangu walipochukuliwa alama za vidole siku ya kufika kambini, aliziogopa mashini zinazojua watu. Aliuliza kama jina la Gustave liko kwenye hiyo intaneti. Chalwe akasema hapana, ni namba tu. Débora akauliza basi ni mutu gani huyo wa ziwani. Chalwe akajibu kwamba mashini haisemi, na hata ingesema, yeye asingemuambia.

Njiani Gustave alisema polepole, "Mama Chouchou, ulinichunguza mpaka nyuma ya choo."

 Débora alimupokea mufuko wa dawa, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Gustave akiwa kwenye matibabu, Débora ndiye aliyeenda Kilwa kununua samaki, na kila aliyekohoa alimugeuzia macho. Boyd, muvuvi aliyezoea kumuwekea Gustave samaki wazuri, alikohoa akaficha uso. Débora akamuuliza tangu lini.

"Ni moshi tu, mama."

 Débora akamuambia kwamba bwato, ile mashua ya kwenda Nchelenge, linaondoka muchana, wataenda wote hospitalini, ila yeye Boyd akae nyuma, kule upepo unakoelekea, ili kikohozi chake kisiwafikie wengine.