Mtani Alivyomwigiza Baba

Usiku ule nililala nimenuna, kwa sababu kesho yake ilikuwa arobaini ya baba na mama alikuwa amemwalika Bi Tausi. Nilishamwambia mama wazi kwamba huyo akikanyaga uani kwetu, mimi naondoka, nakwenda kuishi kwa shangazi.

Bi Tausi ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu, na mila inamruhusu kututania hata msibani. Siku ya maziko alivaa koti la baba, akatembea akichechemea kama yeye, huku akilidai jeneza chai. Watu walicheka, hata mama. Mimi nilikimbilia chooni nisione. Tangu siku hiyo, mtu akicheka karibu yangu darasani namrukia. Nimeshasimamishwa shule, na mama sisemi naye ila kwa lazima.

Basi, katika ndoto nipo darasani peke yangu, nafuta ubao. Mlango unafunguka, baba anaingia na viatu vyake vya kazi, vimejaa vumbi jekundu. Sikuogopa. Nilishangaa tu kwamba wafu nao wanachafua viatu. Nikamwamkia, akaitikia, na darasa limekuwa jiko letu, yeye ameketi kwenye kigoda, anafunua sufuria kama kawaida yake. Nataka kumuuliza huko waliko wanakula nini, lakini ananiwahi.

"Mama," akasema, maana mimi nina jina la mama yake, "nasikia Tausi aliniigiza. Aliniigizaje?"

Nikasema sijui, sikutazama. Alisikitika kama mtu aliyekosa harusi. Akaniomba basi nimwigize mimi. Nikakataa, akangoja. Mwishowe nikainuka, nikachechemea hadi mlangoni, na mlango ukawa barabara ya mtaani kwetu, watu wamejaa pembeni. Baba anacheka mpaka anashika mbavu. Nami nacheka, halafu nalia, nimemkumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini akasema nimekosea bega analoinamisha akitembea. Nikamuuliza bega lipi. Sikulijua, na nimeishi naye maisha yangu yote.

"Wewe uliniona nikiwa baba tu," akasema. "Tausi ananijua tangu sijawa baba wa mtu. Ukimfungia mlango, umenifungia na mimi."

Nilikuwa na maswali mengi bado. Alikuwaje akiwa na umri wangu? Aligombana na nani? Nikafungua mdomo, barabara ikawa nyeupe, nikaamka.

Nje mama alikuwa anafagia uwanja. Nikatoka, nikamwamkia. Akaacha kufagia. Nikamuuliza Bi Tausi atafika saa ngapi, akanitazama kwa hofu, akaniomba leo nisimletee vituko mbele za watu.

"Sileti, mama," nikasema. "Mwambie amwigize baba tena. Safari hii natazama mpaka mwisho."