Uso Aliouchagua Kaka

Kaka yangu alikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto waliokuwa wakisoma Bukavu, na kazi ya kuheshimika mpakani, na alikusanya vijitu vya plastiki. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wakilisikia hucheka, nami nataka wamalize kucheka kabla sijaendelea. Ni vile vijitu vya kuchomeka juu ya matofali ya plastiki ya watoto, vifupi kuliko kidole, vyenye kichwa cha mviringo, viganja vilivyopinda kama ndoano na miguu inayokunjika kiunoni tu. Yeye hakutaka polisi wala zimamoto. Alitaka mashujaa, wale wenye joho mgongoni, kinyago machoni na misuli iliyochorwa kifuani. Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye wanafunzi wake hunyamaza wakisikia viatu vyake, nilivitaka pamoja naye.

Alifanya kazi Kavimvira, palepale mpakani, akiwaandikia wafanyabiashara karatasi za mizigo yao ivuke forodha. Akina mama waliotoka Bujumbura walishusha magunia ya vitu vya plastiki, vikombe na vitana na midoli iliyochakaa, naye aliomba ruhusa ya kupekua humo kabla gunia halijashonwa tena. Siku nyingine zilikuja pakiti ndogo zilizofungwa, kila moja na shujaa wake ndani, na hakuna aliyejua ni nani mpaka aipasue. Vingi vilikuwa vya kuigiza, vya bei ya chini, vilivyotengenezwa na mtu aliyekuwa na haraka. Hapo ndipo utamu wetu ulipokuwa. Kijitu kisicho na kasoro kingetupa nini cha kusema?

Mimi niliishi Luvungi, na ninaishi huko mpaka leo. Jumamosi nilipanda pikipiki au gari lolote lililoshuka bondeni hadi Uvira, nikafika kwake mtaa wa Nyamianda saa ya chai. Ubao wa dirisha la sebule ulikuwa wa mashujaa, wamesimama wakiipa barabara mgongo na kututazama sisi. Mgeni mpya aliwekwa peke yake mezani, kati ya vikombe, na kesi ilianza. Wifi yangu, yaani mke wa kaka, alituita kanisa. Alikuwa akipita na sahani akisema, "Ile kanisa yenu inaisha saa ngapi? Bugali inapoa."

Kanisa lilikuwa na sheria zake. Hakuna kutumiana picha kwenye simu, kwa sababu kijitu ni cha kushikwa mkononi ndipo uone kama miguu yake inakunjika kweli au imegandishwa. Aliyetoka mbali anasema wa kwanza, kwa hiyo siku zote nilianza mimi. Na sheria ya mwisho ndiyo iliyoniumiza baadaye. Vichwa vya vijitu hivi mara nyingi vina sura mbili, moja mbele, nyingine kisogoni chini ya nywele. Upande mmoja anatabasamu, upande wa pili amekunja uso au ameogopa. Ukitaka kubadilisha, unachomoa nywele, unazungusha kichwa, unarudisha nywele. Kwetu hakuna aliyepanda dirishani kabla hatujakubaliana uso wake wa kweli ni upi. Tukishakubaliana, kichwa hakizungushwi tena.

Mimi nilikuwa mkali. Nilimwambia mmoja, mwenye kinyago kilichochapwa chini ya macho badala ya juu yake, kwamba yeye hajajificha, amefunga taya kwa maumivu ya jino. Mwingine misuli yake ilikuwa imehamia ubavuni, nikauliza kama huyu anaokoa watu akitembea kiubavuubavu kama kaa. Joho la kitambaa lililochanika pembeni, miguu isiyokunjika, mkono wa kulia uliolegea hata hauwezi kubeba upanga wake, sikusamehe hata kimoja. Kaka alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akafungua kinywa kuwatetea. Yeye alikuwa wakili wa wabaya wote. "Muangalie vizuri," alisema juu ya yule wa jino. "Huyu eko na maumivu na bado alikuya kazini." Na mara nyingi, nakiri, alishinda. Yule wa jino alipanda dirishani akiwa na uso wake wa huzuni mbele, na nilimpenda kuliko wengi.

Lazima niseme kitu kuhusu uso wangu. Nilizaliwa nao hivi. Nikiwa nimetulia kabisa, nikiwaza mboga za jioni, watu huniuliza nani amenikosea. Katika picha ya ndoa ya kaka nimesimama nyuma yake kama mtu aliyekuja kudai haki yake mahakamani, na siku ile nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Familia nzima iliniogopa kidogo. Kaka peke yake ndiye aliyenijua. Hivyo ndivyo nilivyoamini maisha yangu yote, kwamba kuna mtu mmoja Uvira anayejua kwamba nyuma ya uso huu nacheka.

Mwaka jana, katika msimu wa mvua, alipata pakiti iliyofungwa. Aliniambia kwa simu kwamba hataifungua mpaka nifike. Jumamosi ile mvua ilikuwa imeharibu barabara, na iliyofuata nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikasema nitakuja juma lijalo. Siku ya Jumatano akanitumia ujumbe wa sauti. Ninao hadi sasa.

"Mudogo yangu, usikasirike. Ile pakiti nilishaifungua, nilishindwa kungoya. Ni mwanamuke. Eko na joho nyekundu, na anafanana na weye mpaka nilicheka minye mwenyewe. Iko na sura mbili, na minye nilishachagua. Alishapanda ku dirisha. Sikuambie ni gani. Kuya kwanza, useme yako, kiisha nitasema yangu."

Nikamjibu palepale, nikiwa mlangoni mwa darasa. "Weye uko mwizi. Usimuguse tena mpaka nifike."

Nilikuwa nacheka. Naapa nilikuwa nacheka. Lakini nimeusikiliza ujumbe wangu mara nyingi tangu siku ile, na kicheko hakimo. Kuna sauti ya mwalimu tu, kavu, na kelele za watoto nyuma yake.

Homa ilimshika Alhamisi. Walimpeleka hospitali Ijumaa, na Jumamosi, siku niliyokuwa nimeahidi, nilifika Nyamianda kweli. Nilishuka kwenye pikipiki nikasikia kilio kabla sijafika getini.

Kwetu mtu akifa nyumba hufunguliwa. Majirani huingia bila kuambiwa na kutoa kila kitu sebuleni, viti, meza, kabati, redio, ili watandike mikeka na wafiwa wakae chini pamoja. Ni heshima, na hufanywa haraka kwa sababu watu wameshaanza kufika. Nimefanya hivyo mwenyewe katika nyumba nyingi, nimebeba meza za watu bila kuuliza juu yake kulikuwa na nini. Nilipoingia sebuleni kwa kaka ilikuwa tupu hadi ukutani. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge kichwani, nami nikaanguka kando yake. Nililia kama watu wanavyolia. Na katikati ya kilio, sijui ni moyo gani nilio nao, niliinua macho kutazama dirisha. Palikuwa na thermosi ya chai na rundo la vikombe.

Sikuuliza siku ile. Wala kesho yake, tulipomzika. Ningemuuliza nani, na kwa maneno gani? Mtu anazikwa, na dada yake anatafuta midoli? Nilisubiri mpaka watu walipopungua, ndipo nikamwendea mama mzee wa nyumba ya jirani, aliyeongoza kazi ya kutoa vitu. Alikuwa akisugua sufuria za msiba uani. Alinijibu kwa upole, bila kuacha kusugua.

"Bile bitoto bya ku dirisha? Nilibisukumia mu basani ya kufulia, mwana yangu. Batoto balikuwa banalia, bamama banashindwa kupika. Nikabagawia, kila moya yake. Balinyamaza."

Nikamshukuru. Ningefanya nini kingine? Aliwanyamazisha watoto ili watu wazima wamlilie kaka yangu vizuri. Lakini nilipogeuka nilikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na mtu wa kumwangukia. Nilimkasirikia hata marehemu, kwa nini alifungua pakiti.

Usiku nilimuuliza wifi kama aliona yule mwanamke wa joho jekundu, na kama anakumbuka alisimama na uso gani. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Wifi, minye sikuangaliaka ile mambo," alisema. "Ilikuwa kanisa yenu. Nilikuwa nafuta vumbi tu." Kisha akaanza kulia upya, akisema angekuwa ameangalia, laiti angejua. Nikajuta kuuliza.

Watu watasema ni kitu kidogo. Najua ni kitu kidogo, ni kidogo kuliko kidole changu. Lakini kaka alisema yule anafanana nami, na kwamba amechagua uso. Kati ya sura mbili, aliona moja kuwa ndiyo ya kweli. Kama ilikuwa ile inayocheka, basi nilijulikana. Kama ilikuwa ile iliyokunjamana, basi hata yeye, miaka yote ile ya chai na kesi, alikuwa akikaa na dada mkali na kumvumilia kwa upendo. Na jambo la mwisho alilosikia kutoka kwangu ni kuitwa mwizi. Ningeweza kuomba picha Jumatano ile. Sheria ilikuwa yetu wenyewe, hakuna ambaye angetufunga kwa kuivunja.

Vijitu vilikuwa vimetawanyika na wafiwa. Kimoja nilikiona Nyamianda, kimekaa juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta, kikiendesha. Yule wa jino nilimkuta kwa binamu yetu mmoja, hana miguu, na mtoto aliniambia kwa fahari kwamba anaogelea. Sikumwomba yeyote arudishe. Kitu ambacho mtoto amepewa msibani ni kama kimetoka mkononi mwa marehemu mwenyewe, hakidaiwi. Na ukweli ni kwamba walikuwa wanachezewa vizuri kuliko tulivyowahi kuwachezea sisi.

Mwanamke wa joho jekundu nilimpata karibu na kumaliza mwaka wa shule, Kavimvira, kwa binamu yetu mwingine, anayebadilisha pesa mpakani. Nilikwenda kumsalimia mke wake aliyejifungua. Binti yao mdogo, aliyekuwa ameanza shule ya chekechea, alikuwa uani akiosha vikombe vya kuchezea katika kopo la maziwa, na ndani ya kopo, pamoja na vikombe, nikaona nywele nyeusi za plastiki.

Nilichuchumaa. Nikamwomba anionyeshe. Alimtoa kwenye maji, akamkausha kwa sketi yake, akaniwekea kiganjani. Joho lilikuwa limepotea, limebaki shimo dogo shingoni. Uchapaji wa mkanda ulikuwa umepinda kidogo kulia, na nikasikia maneno yakija yenyewe mdomoni, kwamba huyu akienda vitani suruali itamdondoka. Nikayameza. Hapakuwa na wa kuyacheka, na hapakuwa na wa kumtetea.

Uso uliokuwa mbele ulikuwa unatabasamu. Niliinua nywele taratibu, na kwa nyuma kulikuwa na ule mwingine. Nyusi zimeshuka, mdomo ni mstari mmoja ulionyooka. Kaka alikuwa na haki ya kucheka, kwa kuwa ulikuwa uso wangu hasa. Zote mbili zilikuwa mimi.

"Mama," nikamwambia yule mtoto, kama tunavyowaita mabinti zetu tukiwabembeleza, "siku ile walikupa huyu, kule ku kilio, sura gani ilikuwa mbele? Hii ya kucheka, ao hii ya kukasirika?"

Alifikiri kwa bidii. Alijua kwamba nataka kitu, na alitaka kunipa. Akachukua kijitu mkononi mwangu, akachomoa nywele, akazungusha kichwa hadi uso mkali ukaja mbele, akanitazama. Akakizungusha tena hadi ule wa kucheka, akanitazama tena. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vimezoea kazi hiyo. Nikaelewa kwamba tangu kilio amekuwa akimgeuza kila siku, asubuhi amekasirika, mchana amefurahi.

"Shangazi," akaniuliza, "weye unapenda gani?"