Pistoni Kubwa ya Palinggi

Palinggi alizaliwa nyumba ya tatu chini ya yetu. Baba yake alikuwa mbeba mizigo. Alibeba chumvi mgongoni kutoka mji wa Makale hadi kijijini kwetu, akabeba kahawa kuipeleka Makale, akafa mgongo umepinda. Palinggi akaapa hatabeba kitu kwa mgongo wake. Pikipiki zilipoanza kufika huku, ya kwanza ilikuwa yake.

Ilikuwa ile ndogo ya njia mbovu, miguu mirefu, matairi ya meno. Injini yake ndogo. Mama Lebang, mke wangu, aliiita mbuzi. Hakuitukana. Mbuzi hupanda popote.

Ila Batu Lotong haikupanda. Mlima huo uko kati yetu na mji. Ukienda unapanda, ukirudi unapanda. Tope lake jekundu, na mvua haikatiki. Hakuna pikipiki yenye mzigo iliyoupanda peke yake. Kwa hiyo madereva walikuwa na desturi. Anayefika chini ya mpando anazima, anasubiri wenzake. Wakitimia watano sita wanaanza. Wanaisukuma ya kwanza hadi juu, mwenyewe anateremsha kamba, wanavuta ya pili, kisha ya tatu. Hakuna aliyeondoka kabla ya ya mwisho kufika. Wakisubiriana walichoma viazi vitamu na kutaniana. Habari za binti yetu Lebang kuchumbiwa zilisemwa pale kabla sisi wazazi hatujazisikia.

Palinggi alichoka kusubiri.

Si mtu mbaya. Niliseme hilo mapema, maana wengine hulisahau. Mjini kuna fundi anayepanua silinda. Anafungua injini, anaichonga bloki kwa ndani, anaweka pistoni kubwa, kabureta kubwa na ekzosi pana. Kwa nje ni injini ile ile. Palinggi alimwachia pikipiki, akarudi nayo inanguruma mpaka mbwa wakajificha chini ya ghala. Fundi alimpa sharti moja. Injini hii sasa inashika moto upesi, kwenye mpando mrefu uipumzishe. Palinggi mwenyewe alinisimulia, akicheka. Alisema fundi yule mlima anauona kwenye picha tu.

Siku ya kwanza alifika Batu Lotong wenzake wamekaa kwenye magogo. Hakuzima. Alipanda peke yake na magunia ya kahawa nyuma, tope likawarukia wote. Somba, dereva mwenzake, mtu wa maneno, alipaza sauti kutoka chini kuuliza nani atateremsha kamba. Palinggi alikuwa ameshaondoka.

Mwaka haukuisha, kila dereva alikuwa amechongesha. Somba alichongesha kumzidi. Chini ya mpando nyasi zikaota penye majivu. Kila mtu akapita saa yake. Chumvi ilifika mapema, samaki walifika hawajaoza, watu wakafurahi.

Mama Lebang hakufurahi. Siku moja alimsimamisha Palinggi mlangoni kwetu.

"Wewe Palinggi, hilo lidude lako likipita kuku wangu hawatagi. Nitakuja utage wewe."

"Mama Lebang, na wao waweke pistoni kubwa."

Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Nilidhani ni kicheko. Wiki ile ile ubavu huo ukamlaza.

Ilikuwa msimu wa kuvuna. Tumbo lilimkaza upande wa kulia, akawa hawezi kunyoosha mguu. Mganga wa zahanati alimbonyeza mara moja tu. Akasema ni la kupasuliwa, na ni leo. Gari haifiki kwetu. Palinggi alikuja kabla sijamwita. Tulimfunga mke wangu mgongoni kwake kwa saruni, kama mtoto. Ndivyo wagonjwa wanavyopelekwa huku.

Nilitaka dereva wa pili aende naye. Nilimkuta Somba anafunga magunia yake. Akasema hakuna haja, pikipiki ya Palinggi inapanda hata ukuta, na yeye atapita baadaye akimaliza kupakia. Nikarudi kumwambia Palinggi. Naye akasema hivyo hivyo, hakuna haja. Wakaondoka. Mimi nikafuata kwa miguu na furushi la nguo zake.

Yaliyotokea mlimani nayajua kwa kinywa cha Palinggi. Alipanda kwa gia ya kwanza, mafuta yote yamefunguliwa. Nusu ya mpando akasikia harufu ya oili kuungua. Alijua apumzike. Lakini mke wangu alikuwa anaguna sikioni mwake, na kila akiguna Palinggi aliongeza mafuta. Halafu ikasikika kama jiwe ndani ya sufuria. Injini ikafa. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Alimfungua akamlaza juu ya nailoni pembeni. Walikaa. Hakuna aliyepita, maana kila mtu ana saa yake. Baadaye akasikia Somba anakuja kutoka chini na magunia yake. Palinggi akasimama katikati ya njia, mikono juu. Somba hakupunguza mwendo. Alimkwepa kwa pembeni akisema, "Nikisimama hapa siondoki. Nitawaita watu wa ng'ambo ya mlima."

Na ni kweli. Ukisimama kwenye tope lile na mzigo, gurudumu linachimba mpaka linajizika. Mtu mmoja haitoi. Somba hakusema uongo.

Palinggi akambeba mke wangu kwa mgongo. Alipanda naye akiteleza, akipiga magoti, akiinuka. Nilipowafikia walikuwa karibu na kilele. Palinggi alikuwa amemtua, hawezi tena. Mama Lebang alikuwa ameegemea udongo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alinitazama.

"Baba Lebang, kuku umewafungia?"

Nikamwambia nimewafungia. Sikuwa nimewafungia.

Hakusema jambo lingine.

Somba alifika na watu wa ng'ambo na machela ya mianzi. Walikuja mbio, niseme haki. Walipoona, wakaiweka machela chini taratibu. Palinggi akasema, "Tumrudishe mgonjwa nyumbani." Kwetu aliyekata roho huitwa mgonjwa mpaka siku ya mazishi yake. Nimelisema neno hilo kwa wazazi wangu na ndugu zangu, wala halikunisumbua. Siku ile nilitaka kumziba mdomo.

Kwenye mazishi madereva wote walikuja. Walileta nguruwe mzuri. Waliimba kwenye duara pamoja na watu, wakamaliza, wakaenda kukaa nyuma ya ghala la mpunga. Nilipita pale kutafuta kuni. Palinggi alikuwa ameleta ile pistoni. Ilikuwa inapita mkono kwa mkono, kila mmoja anaingiza kidole kwenye tundu.

Somba akamuuliza, "Ulichongesha hadi ngapi?"

"Milimita sitini na tatu."

"Basi ndiyo maana. Sitini na tatu bila rejeta ya kupoza oili?"

"Fundi hakuniambia rejeta. Aliniambia nipumzike."

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema rejeta, mwingine akasema petroli ya chupani ndiyo inayoua injini, mwingine akasema kabureta ilikuwa inanyima mafuta. Palinggi alikuwa amelia siku mbili, macho yamevimba. Lakini aliwajibu wote, neno kwa neno. Mke wangu amelazwa upande wa pili wa ukuta. Nilichukua kuni nikaondoka.

Sasa Palinggi ana pistoni mpya, kubwa kuliko ile, na rejeta ya oili imefungwa mbele ya injini. Anapanda Batu Lotong bila kupumzika. Mavuno haya amempeleka mjini mke wa mwalimu na uchungu wa uzazi, wakafika, mtoto mzima. Watu wanamsifu, na anastahili. Mimi akinikuta njiani anasimama, ananiambia, "Panda, Baba Lebang." Namwambia natembea.

Jioni nyingine huja kunitazama, yeye na Somba. Watu wema. Wananiletea sigara za karafuu, wanakaa barazani, wananifariji kama wajuavyo. Wanasema laiti Mama Lebang angeugua mwaka huu. Kwa injini za sasa, wanasema, angefika mapema kabisa, na daktari angemkuta bado anatania.

Nawamiminia kahawa. Wanakunywa, wanaaga, wanawasha. Somba hutangulia. Palinggi huondoka baadaye kidogo, peke yake.