Karatasi ya Haraka ya Bi Salima

Mwanangu, iko siku moja Moroni ambayo huikumbuka kila nikiona kijana anaringia kasi ya programu yake. Leo umeniringia wewe, basi kaa usikie.

Ilikuwa zama za mamluki, wale askari wa kukodiwa walioishika nchi yetu. Nilifanya kazi ofisi ya bandari chini ya Bi Salima, mzaliwa wa Mutsamudu kwenye kisiwa cha jirani, aliyeandika kwa lugha ya C programu ya kukadiria kina cha maji. Bandari yetu maji yakipwa hubaki mawe, na matishari ya mchele yaliingia kwa kufuata karatasi yake. Tishari moja nahodha wake alikuwa baba yangu.

Siku hiyo mamluki mwenye bunduki alisimama mlangoni akidai karatasi upesi. Bi Salima alikuwa ameiamuru kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, iifanye programu ikimbie. Karatasi ikatoka mara moja. Nikainyakua nimpe yule bwana aondoke.

"Hebu iweke chini," akaniambia Bi Salima.

Hatoi ya haraka mpaka ailinganishe na ya polepole, iliyotoka kwa programu kabla haijaongezwa kasi, ndiyo desturi yake. Akapitia mstari kwa mstari, mwenye bunduki anamtazama. Saa ya maji kupwa, karatasi ya haraka iliandika kina cha maji kujaa.

"Kosa ni langu," akamwambia yule mtu. "Usubiri, ama watu wazame."

Meza ikapigwa kitako cha bunduki. Bi Salima akavuta kiti, akaanza upya. Wallahi, moyo kama ule sijauona tena.

Baadaye nikamuuliza kilichotokea.

"Nyinyi wa Ngazija mtu akifunga ndoa kubwa ya kimila mnamwongezea jina," akanitania. "Shemeji yangu wa Itsandra ana mawili. Ukimvisha kofia kwa jina hili, kwa lile atakuwa kichwa wazi? Vielekezi vyangu viwili, yaani majina ya kuionyesha mashine pa kusoma, vilionyesha kisanduku kimoja cha kumbukumbu, nami ili ikimbie niliiapia kuwa visanduku ni viwili. Kina kikabadilika kwa jina moja, na kwa la pili ikashikilia kile cha zamani. Niliiapiaje bila kukagua?"

Jioni baba akaingia nyumbani suruali imelowa, akauliza chakula kiko wapi. Nikaenda uani nikalia.

Basi mwanangu, kasi itumie, ni nzuri. Ila usiiapie mashine jambo hujalikagua, na ukikosea mbele ya mwenye nguvu, sema nimekosea. Mola akupe moyo wa Bi Salima, na kila atakayeifuata kazi yako arudi kwao akale.