Behewa Lisilo na Aina

Katika miaka ile ya Ujamaa nilipelekwa kusoma Ulaya, na mwaka wa pili tukafundishwa lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya kuiga shughuli za kweli. Wenzangu waliiga benki na viwanda. Mimi niliiga stesheni ya Tabora, ambako baba yangu alifanya kazi ya kupanga mabehewa.

Niliandika kundi kuu, behewa, nikaliwekea mambo ambayo kila behewa linayo: namba, uzito, namna ya kusubiri zamu. Kazi ya kupakua niliiacha jina tupu, bila maelekezo, maana ng'ombe hawashushwi kama mafuta ya taa. Kundi la namna hiyo, tulifundishwa, ni dhahania. Kila aina iliyo chini yake hujaza kazi hiyo kwa jinsi yake.

Programu ilikwama. Nilikuwa nimeingiza stesheni behewa lisilotajwa aina, na kompyuta ilipofika kwenye kupakua haikukuta la kufanya. Nilipata alama mbaya, nikarudi likizo na karatasi zangu sandukuni.

Baba, wakati huo amekwisha kustaafu, aliomba kuona ninachosoma. Kwa aibu nikazitandaza karatasi barazani, nikamweleza. Akauliza behewa lililokwama lilikuwa la nini. Nikajibu kwamba lilikuwa behewa tu.

"Mama, sikuwahi kupokea behewa tu," akasema, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye. "Ningeliweka pembeni mpaka uniambie limebeba nini."

Tukaendelea: tumbaku, karanga, mafuta. Kwenye ng'ombe akanizuia. Nilikuwa nimeandika kwamba kila behewa hungoja zamu yake. Akanisimulia jinsi ng'ombe wa kutoka Bukene walivyomfia siku moja juani, kwa sababu mkubwa wake alitaka foleni ifuatwe. Alizungumza akitazama chini, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo.

"Kusubiri nako usikuandike namna moja kwa mabehewa yote," akasema.

Niliporudi chuoni, kusubiri nako nikakuacha jina tupu, kila aina ikasubiri kivyake, na hakuna behewa lililoingia stesheni bila aina. Programu ilikwenda hadi mwisho. Mwalimu aliuliza wazo la kusubiri nimelitoa wapi. Nikamwambia ni la baba yangu, mfanyakazi wa reli. Akaandika jambo hilo pembeni ya alama yangu, ambayo safari hii ilikuwa nzuri.

Nilimwandikia baba nikamweleza yote. Barua yake ya kujibu iliuliza kama huko Ulaya ng'ombe wanapewa maji njiani.