Msimamizi wa Jiko

Mama aliyekodi jiko la jumuiya ili afundishe mapishi huko ugenini alimwogopa msimamizi wa jiko hilo. Kila Jumamosi mzee huyo alipapasa meko moja moja kwa mgongo wa kiganja, akanusa masinki, akanong'ona, "Usafi, mwalimu," kisha akaenda zake. Jumamosi moja mvua ilimwagika, asije mwanafunzi hata mmoja. Mama alikuwa akifungasha vyombo mzee alipoingia, akavua kofia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu, mbona unafungasha na kipindi hakijaisha?" Akashika kisu. "Tangu mke wangu afariki, nashindia mkate na chai. Nianzie wapi?"

Mama akamfunga aproni. "Anza na kitunguu, baba. Tukilia, tutakisingizia chenyewe."